Mtu wako ana bastola na akili zimeanza kumsumbua: fanya hivi

Naandika hii kwa wale wenye baba, ami, mume, kaka ama bosi mwenye bastola ya leseni, na saa hii mwamuona amebadilika na mwaogopa kusema. Hapa Mombasa twajuana, mtu akiwa na duka la jumla Kongowea ama anasafirisha mali kutoka bandarini, akishapata leseni ya bunduki inakua ni heshima yake, hakuna anaethubutu kumuuliza iko wapi, analala nayo vipi, risasi ziko ngapi. Sisi ilitupata. Ami yangu alivamiwa magharibi akifunga duka, wakamchukulia mauzo ya siku mbili, bastola ilikua kiunoni na hakuwahi ata kuigusa, na toka siku ile usingizi ukamkimbia. Mwanzo alikua aamka saa nane za usiku kuangalia komeo la mlango. Baadae akawa asema kuna watu juu ya bati. Alafu akaacha kula chakula cha dukani kwa jirani ati chatiwa kitu.

Asubuhi moja mama mdogo, mke wa ami, aliingia kutandika kitanda, akainua mto, akaikuta. Imelazwa juu ya foronya nyeupe ya maua aliyoidarizi mwenyewe, magazini imo ndani, na mafuta ya chuma yamekunywewa na kitambaa yakatoa doa la kahawia umbo la bastola yenyewe. Akanipigia simu bila salamu, "njoo, njoo saa hii, ami yako alala na kitu."

Tulikosea mambo matatu kabla hatujapatia moja, na nitawaambia yote manake haya makosa kila familia yaweza kuyafanya.

La kwanza, mama mdogo aliichukua akaifunga kwa leso akaitia kwenye pipa la unga jikoni. Ni akili ya mama, mtoto akishika kisu wamnyang'anya waficha. Lakini Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, yasema hakuna mtu anaeruhusiwa kununua wala kukaa na bunduki wala risasi kama hana cheti, na cheti ni cha mtu mmoja kwa jina lake, sio cha nyumba. Yani pale kwenye unga, mbele ya sheria, ni mama mdogo ndio alikua na silaha bila leseni, na adhabu yake ni miaka jela, sio faini ya kulipa ukaenda zako. Isitoshe hajui kama kuna risasi kwenye chemba, hajui kile kifungo cha usalama chafungwa vipi, na wajukuu wanaingia jikoni kutafuta biskuti. Kwa hivo usiiguse kama hujui, na kama kuna mwenye kujua, usiizungushe mjini kwenye mkoba wala usivuke nayo feri ukampelekee shemeji Likoni akuwekee. Yatakiwa itoke nyumbani kwa njia moja tu, mwenye leseni aipeleke stesheni mwenyewe akiwa ametulia na mtu yuko nae, ama polisi waje waichukue.

La pili, tulingoja. Tulisema tumsomeshe kwanza, akaletwa sheikh, akasomewa siku saba, na mimi sisemi watu wasisomeshe, someni, dua haina ubaya na ami mwenyewe alikua akisikia Qurani anapumua. Wengine watampeleka kwa mchungaji aombewe na hilo pia ni lao. Ninachosema ni kua zile siku saba bastola ilikua bado nyumbani. Kisomo kisingojewe kimalize ndio silaha itoke. Silaha itoke mwanzo, alafu msome mpaka mtosheke, alafu hospitali, ama vyote pamoja.

La tatu ni hili ambalo hasa limenifanya niandike. Tulienda stesheni, mimi na mama mdogo, tukamwambia afande wa kaunta "kuna mtu nyumbani akili zimemruka na ana bastola". Akauliza ameua? Hajaua. Amempiga mtu? Hajampiga. Ametishia? Tukaangaliana. Akasema basi hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkaongee kama familia, akishafanya kitu mje. Sitaji stesheni gani. Tulitoka pale mama mdogo analia barabarani, na mimi nilikua na hasira na yule afande, lakini nilipokaa nikafikiria nikaona na sisi tuliingia vibaya. Tulimpelekea maneno ambayo hana pa kuyaandika. Mara ya pili tulienda tofauti na tukasikizwa, na hiyo ya pili ndio nataka muijue.

Lakini elewa kwanza sheria yasema nini, manake ukiijua huendi pale kwa kuomba hisani. Bunduki Kenya sio haki ya mtu. Marekani katiba yao tangu 1791 imeitaja silaha kua haki, ndio mana kila wakitaka kuigusa ni vita. Kwetu ni ruhusa, watoa wakitaka na wachukua wakiona hufai. Kifungu cha 5 cha ile Sura ya 114 chasema afisa wa leseni asimpe cheti mtu ambae ana sababu ya kuamini kua ni mlevi wa kupindukia, ama hana akili timamu, ama kwa sababu yoyote nyengine hafai kuaminiwa na silaha. Na sababu zizo hizo zaweza kumfutia cheti alichonacho tayari. Hayo maneno "akili timamu" ni ya kikoloni na mimi siyapendi, yamtia mwenye dipresheni na mwenye kifafa na mwenye kusikia sauti kapu moja, lakini ndio mlango ulioko.

Sasa swali, huyo afisa atajuaje? Hapa ndio pana tundu. Mtu akiomba leseni anachunguzwa, anatakiwa awe na cheti cha tabia njema, kile chetu sote twakijua kwa ajili ya kazi, unaomba kwa eCitizen unalipa shilingi 1,050 alafu unaenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, unachapwa vidole vyote kumi kwa wino. Zile alama zaenda Nairobi kulinganishwa na rekodi za jinai. Vidole vyasema kama ulishawahi kushtakiwa. Havisemi kama hujalala wiki tatu. Na ata kama ulipita kwa daktari siku ile ya kuomba, ulikua mzima siku ile. Leseni hurudiwa kila mwaka, na katikati ya mwaka ule mtu aweza kufiwa, kuvamiwa, kufilisika, kuanza kunywa, kuugua, na karatasi yake yasoma vile vile. Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye leseni akahakikiwe upya ndani ya siku 90, na ilikua ni kitu kizuri, lakini hiyo yaangalia mtu siku hiyo moja. Daktari nae amefungwa na siri ya mgonjwa, na sheria ya kulinda data ya 2019 imeziweka habari za afya kwenye zile nyeti kabisa, kwa hivo usikae ukitegemea kua hospitali itapigia simu watu wa leseni. Unaeona doa kwenye foronya ni wewe.

Na msidhani ni sisi tu masikini wa mitambo. Marekani wana mtambo wa kuangalia majina tangu Novemba 1998, muuzaji aingiza jina jibu laja mara nyingi kwa dakika chache, na sheria yao ya 1968 yamkataza bunduki mtu aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri ama aliyeamuliwa na mahakama kua ni hatari. Juu ya hivo, Aprili 2007 mwanafunzi wa chuo cha Virginia Tech aliua watu 32. Desemba 2005 jaji alikua ashasema huyu ni hatari kwa nafsi yake akaamuru atibiwe, lakini kwa kua aliamriwa atibiwe akitokea nyumbani na hakulazwa, jimbo halikupeleka jina lake kwenye mtambo. Akanunua bastola mbili, ukaguzi akapita. Novemba 2017 kule Sutherland Springs, Texas, mtu alieingia kanisani akaua, na waliokufa wakahesabiwa 26, alikua ameshahukumiwa jeshini kwa kumpiga mkewe na mtoto, na jeshi la anga halikuituma ile hukumu. Sheria ilikuwepo, mtambo ulikuwepo, karatasi ilikaa kwenye droo.

Linaloniuma zaidi ni la Lewiston, jimbo la Maine huko huko Marekani, Oktoba 2023, mwanajeshi mmoja wa akiba aliua watu 18 kwa bunduki. Pale familia ilisema. Mwezi wa tano mtoto wake na mtalaka wake waliwaambia polisi kua anasikia watu wamsema vibaya na ana bunduki nyingi. Mwezi wa saba alilazwa. Mwezi wa tisa wenzake wa jeshi la akiba wakasema tena. Jimbo lilikua na sheria ya kumwondolea mtu silaha akiwa hali hiyo, na tume iliyochunguza ikasema polisi walikua na sababu za kutosha kuanza ile njia, na hawakuianza. Kwa hivo kusema mara moja hakutoshi. Sema, andika, rudi, uliza imefikia wapi.

Na mara ya pili sisi tulifanya hivi.

Nilichukua daftari la shule la mpwa wangu nikakaa na mama mdogo, nikamwambia usiniambie amekua vipi, niambie amefanya nini, lini, saa ngapi. Mwanzo alikua akisema "amekua kama si yeye". Nikasema hiyo haiandikiki. Tukaenda polepole mpaka ikawa: Jumatatu, saa nane na nusu usiku, alitoka uani na bastola mkononi akaielekeza juu ya bati, akasema "shukeni niwaone". Jumatano, mtoto wa jirani aligonga mlango kuazima chumvi, ami akafungua bastola iko nyuma ya mgongo wake. Ijumaa, hakwenda msikitini, alisema akienda watachoma nyumba. Jumamosi, mto. Hakuna neno "mwendawazimu" mle, hakuna "jini", hakuna "kichaa". Ni tarehe, saa, kitu alichofanya, nani aliona. Afande akisoma hiyo hawezi kusema ni mambo ya nyumbani, manake mtu aliyetoka uani na silaha akailenga juu ya nyumba za watu usiku, hiyo ni usalama wa mtaa mzima.

Alafu tukaandika barua moja, ukurasa mmoja tu, usiandike riwaya. Jina lake kamili na namba ya kitambulisho, mahali anapokaa, kua ni mwenye leseni, aina ya silaha kama waijua na namba ya cheti kama umeiona (kile kikadi, piga picha akiwa amelala ama kikiwa mezani, hiyo sio wizi). Chini yake yale matukio. Alafu sentensi ya mwisho ambayo ndio muhimu na watu huisahau, unataka nini: "Tunaomba silaha hii ichukuliwe na kuhifadhiwa stesheni mpaka daktari athibitishe hali yake, na cheti chake kiangaliwe upya kulingana na kifungu cha 5 cha Sheria ya Bunduki." Ukiandika hivo umempa mtu kazi. Ukiandika "tunaomba msaada" hujui atakusaidia nini na yeye hajui.

Nakala moja ni ya OCS, yani mkuu wa stesheni yenu, moja ya mkubwa wa polisi wa kaunti ndogo, moja ya Bodi ya Leseni za Bunduki ambayo makao yake ni Nairobi, na moja ubaki nayo imegongwa muhuri. Usiondoke stesheni bila namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio. Wakikwambia acha barua tutaiangalia, waambie kwa heshima, "afande, naomba iandikwe OB nipewe namba". Ukirudi kesho na namba wewe ni ripoti, ukirudi bila namba wewe ni mtu alielia kaunta jana. Na kama stesheni yakataa kabisa, panda kwa mkubwa wao, na IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, ipo kwa ajili ya polisi wasiofanya kazi yao, ilianzishwa kwa sheria ya 2011 na yapokea malalamiko ya raia wa kawaida.

Nenda na mtu anaeheshimika. Sisi tulienda na mzee wa mtaa na kaka mkubwa wa ami, na kusema kweli hilo lilisaidia kuliko barua, manake afande aliona kua hii sio ugomvi wa mke na mume wa kutaka kumkomoa mtu. Hilo wataliuliza, mjue, kuna watu wanatumia polisi kuvunjiana biashara na kuibiana mirathi, kwa hivo wana haki ya kuuliza. Wajibuni bila kukasirika.

Sasa kuongea na mwenyewe. Huu ndio ugumu na ndio watu hukimbia wakaita polisi moja kwa moja, na kama anatishia mtu, ama ameshika silaha saa hii, ama amesema atajimaliza, hapo ndio ukimbie kweli, toeni watoto, tokeni nje, pigeni 999 ama 112, na mkipiga semeni mapema kabisa kua "ana bastola na ni mgonjwa", maneno yote mawili, ili wanaokuja wajue sio jambazi. Hakuna kubishana nae, hakuna kumnyang'anya. Lakini kama ametulia, kama ile hali yake yaja na kwenda kama maji ya pwani, ngojea wakati wa maji kupwa. Kaka mkubwa alimkuta ami asubuhi baada ya kahawa, wakiwa wawili tu barazani, na hakumwambia "wewe ni mgonjwa twataka bunduki yako". Alimwambia, "mdogo wangu hujalala, na mtu asielala mkono wake hauko sawa, hebu tukaiweke mahali mpaka ulale." Ami alikaa kimya muda, alafu akasema, "na wakija?" Kaka akasema, "wakija watanikuta mimi, nitalala hapa." Na alilala pale kweli siku kumi na mbili, kwenye mkeka mlangoni. Ikawa ami mwenyewe ndio aliyeenda nayo, kaka yuko nae na mimi niko nyuma na barua, wakaipokea, wakahesabu risasi mbele yetu moja moja, wakaandika namba ya silaha na idadi ya risasi, ami akatia sahihi. Hakikisheni risasi zimeandikwa. Na rudini nyumbani mtafute nyengine, droo za duka, gari, mfuko wa kanzu, manake watu hawa huweka za akiba, na mkizikuta itiwe tena kwenye OB, msizitupe baharini.

Kuuliza kuhusu kujiua nako watu waogopa, wafikiria ukitaja utampa wazo. Si kweli, muulize wazi, "umefikiria kujitoa roho?" Kwa sauti ya kawaida, kama unauliza kama amekula. Nasisitiza hili kwa sababu hatari kubwa ya bunduki kwa mtu mgonjwa mara nyingi sio kwa majirani, ni kwake mwenyewe. Mwaka wa 2021 Marekani walikufa watu 48,830 kwa bunduki, na katika hao 26,328 walijiua, yani zaidi ya nusu. Mtu aliekunywa vidonge waweza kumkimbiza hospitali ya Makadara akapona, bastola haikupi nafasi hiyo ya kukimbia nae, na hiyo ndio sababu ya kuiondoa kwa muda tu kuokoa mtu ambae wiki tatu baadae hatataka tena kufa. Zamani watu walinyamaza kwa kuogopa jela pia, kifungu cha 226 cha sheria ya makosa kilifanya kujaribu kujiua ni kosa, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na katiba. Laini ya Msalaba Mwekundu 1199 ni bure, na yule anaejibu amezoea kusikia haya, pigeni ata kama ni nyinyi wanafamilia ndio mmechoka.

Na naomba hapa mnisikize vizuri kwa sababu nimeona watu wakichukua mambo haya wakayageuza ya kumnyanyasa kila anaekunywa dawa za akili. Watu wengi wenye ugonjwa wa akili hawajawahi kumgusa mtu na hawatamgusa. Watafiti wa Marekani wamekadiria kua ata ukiuondoa kabisa ugonjwa mkali wa akili, vurugu zingepungua kwa kama asilimia 4 tu. Kinachotisha zaidi ya jina la ugonjwa ni mambo ya macho, mtu alewa na silaha, ampiga mkewe, atishia, amefukuzwa kazi na asema kuna watu atawaonyesha, hapo ata kama daktari asema ni mzima kabisa silaha itoke. Mke anaetishiwa na mume mwenye bastola asingoje iandikwe ugonjwa wowote, kuna laini ya simu 1195 ya ukatili wa kijinsia, na kuna sheria ya 2015 ya kulinda watu na ukatili wa nyumbani, aende mahakamani aombe amri ya ulinzi na amwambie hakimu wazi tangu sentensi ya kwanza kua kuna silaha nyumbani.

Kama mtu wako ni askari, hana leseni ya kwake, silaha ni ya serikali, basi ripoti yaenda kwa mkubwa wake wa kituo, na barua iwe vile vile. Wake wa askari hunyamaza kwa sababu ya mshahara, waogopa mume ataachishwa. Desemba 2021 Kabete, Nairobi, askari mmoja aliua mkewe na watu wengine watano alafu akajiua. Mshahara waweza kuombewa, likizo ya ugonjwa ipo.

Hospitali. Ukanda huu kuna wodi ya akili pale Port Reitz, na hospitali kuu ya Makadara nayo watakuelekeza. Mgonjwa akikubali mwenyewe anaingia kama mgonjwa wa hiari na ni bora mara kumi. Akikataa na hali ni mbaya, Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, yamruhusu mke, mume, mzazi ama jamaa kuomba alazwe, na polisi wakimkuta ni hatari kwake ama kwa wengine wana mamlaka ya kumpeleka hospitali ndani ya saa 24. Hospitali, sio seli. Waambieni hivo wakitaka kumlaza chini stesheni na waizi wa simu. Ile sheria ilirekebishwa 2022 na haki za mgonjwa zimeandikwa mle, heshima yake, ridhaa yake, siri yake. Mkienda kwa daktari, lile daftari mpeni asome, na mwambieni kuna silaha na iko wapi saa hii, manake madaktari wengi hawaulizi, na mgonjwa hatasema. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka ami walimpa vidonge vya usingizi dakika tano tukarudishwa nyumbani, hakuna alieuliza anashinda wapi wala ana nini kiunoni. Ya pili daktari alikaa nae saa nzima.

Mkae mkijua majirani watasema. Walisema ami amenyang'anywa bunduki na polisi, amekua kichaa, mkewe amemuuza. Mama mdogo aliacha kwenda harusini mwezi mzima. Sikua na dawa ya hilo. Nilichofanya nilikua nakwenda nae sokoni Kongowea Jumamosi, nambebea kapu, akisalimiwa kwa jicho baya nami nasalimia kwa sauti.

Ikifika wakati wa kuirudisha silaha, msiharakishe ata kama yeye aharakisha. Apate ripoti ya daktari anaemtibu, sio daktari wa kununuliwa muhuri, na muangalie miezi, sio siku, analala, anakunywa dawa, anafungua duka. Akiona ameonewa ana haki ya kukata rufaa kwa njia ya sheria na msimzuie, msaidieni ata kuandika hiyo rufaa, manake mkimzuia ataona nyinyi ndio maadui na dawa ataacha.

Ami ilipofika mwezi wa leseni kurudiwa tulikua tumejiandaa kwa ugomvi. Akamuita kaka mkubwa barazani akasema haombi tena. Alisema siku ile ya wizi alikua nayo kiunoni na haikumsaidia, na mauzo siku hizi zaidi ya nusu yaingia kwa simu, hapana furushi la pesa la kubeba magharibi. Aliandika barua mwenyewe kwa mkono, akapeleka na kikadi. Kama wenu atafikia hapo, mfuateni mpaka mwisho, apewe karatasi ya kuonyesha kua silaha na risasi zimetoka kwa jina lake, na ile karatasi isikae na yeye peke yake. Yetu iko kwa mama mdogo, ndani ya bahasha, pamoja na namba ya OB na lile daftari la mpwa wangu.